Uwindaji na hifadhi huku Nyanda za Juu Kusini: maswali ninayoulizwaga kila siku

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, na wa kule Rungwe, ugonile. Haya majibu nimeyaandika kwasababu nimechoka kurudia maneno yaleyale dukani. Nilikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji huko tarafa ya Pawaga kwa miaka sita, saivi nauza spea za pikipiki Iringa mjini, na watu wakishajua historia yangu basi imekula kwangu, hata aliyekuja kununua plagi ya buku tatu ataegemea kaunta aanze "eti mkuu, hivi mtu akitaka kuwinda inakuaje". Sio mwanasheria mimi wala sio mtu wa wizara. Nimetembea porini tu, na nimesoma nilichoweza kusoma.

Hivi kuwinda Tanzania ni ruksa au marufuku?

Ruksa ukiwa na leseni, marufuku ukiwa huna. Wengi wanadhani imekatazwa kabisa na wengine wanadhani mnyama ni wa Mungu tu unajichukulia, wote wamekosea. Sheria inayotawala ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wanaosimamia nje ya hifadhi za taifa ni TAWA, yaani mamlaka ya wanyamapori, ambao walianza kazi 2016, kabla ya hapo ilikuwa Idara ya Wanyamapori wizarani. Mtanzania anaweza kuomba leseni ya mwenyeji, inakuambia mnyama gani, wangapi, eneo gani, mwisho lini, na lazima uwe na silaha unayoimiliki kihalali na inayomtosha huyo mnyama, maana kuna watu wanataka kumfuata nyati na bunduki ya kupigia kanga afu wanashangaa wakirudishwa kwenye machela. Msimu unafunguliwa Julai 1. Twiga usimuulizie, huyo ni alama ya taifa.

Hata ukiwa na leseni kuna njia huruhusiwi: kumulika tochi usiku, kumkimbiza mnyama na gari, sumu, mitego ya waya, mashimo, kuchoma pori ili watoke, kuwavizia wanapokunywa maji, kupiga jike mwenye mimba au mwenye mtoto. Ukiangalia hiyo orodha utaona karibu kila njia anayotumia jangili wa kijijini imo.

Kuna kipindi nchi nzima ilifungwa kabisa, 1973 mpaka 1978, hakuna leseni ya mtu yeyote. Wazee wa kwetu wanakwambia kipindi hicho kitoweo hakikupungua sufuriani hata kidogo, kilichopungua ni watu wa kukuona ukibeba.

Sasa naweza kuwinda wapi na wapi siwezi?

Hapa ndo watu wanachanganya majina. Hifadhi ya taifa, mfano Ruaha, Kitulo, Udzungwa, huko hakuna kuwinda, hata ndege, hata kuokota ganda la yai la mbuni kama kumbukumbu. Pori la akiba ni kitu kingine, huko uwindaji wa kibali upo: Rungwa, Kizigo na Muhesi ambazo zinapakana na Ruaha upande wa kaskazini, na Lukwati na Piti upande wa Chunya na Songwe. Mpanga-Kipengere kwa watu wa Njombe na Mbeya nalo ni pori la akiba lakini umuhimu wake mkubwa ni maji, vijito vya pale ndo vinashuka Usangu. Afu kuna mapori tengefu, na kuna ardhi ambazo vijiji vyenyewe vimetenga kwa ajili ya wanyama, kwetu ni MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, vijiji zaidi ya 20 vilikaa vikakubaliana kwamba huku hatulimi, huku ni kwa wanyama na sisi tutakula kinachotokana nao. Waga nao wanayo ya kwao.

Usiende kwa kukisia mpaka. Mpaka wa hifadhi porini ni jiwe jeupe unaloweza kulipita ukiwa unaongea na simu.

Nikikutwa na kilo mbili tu za nyamapori si nalipa faini yanaisha?

Hapana ndugu yangu. Nyama, ngozi, pembe, jino, hata mkia wa nyumbu wa kupungia nzi, vyote hivyo kisheria vinaitwa nyara za serikali, na kukutwa navyo bila kibali kunahesabiwa kama uhujumu uchumi. Kifungo cha miaka 20 kwa nyara za serikali ni hukumu ya kawaida kabisa kwenye mahakama zetu, kuna watu wamekula hiyo kwa nyama ambayo isingetosha harusi. Faini nayo inapigwa kwa thamani ya mnyama mzima na kuzidisha, sio thamani ya hicho kipande ulichokutwa nacho, na thamani ya mnyama inahesabiwa kwa dola.

Na hapa nitasema kitu ambacho wenzangu wa zamani hawatakipenda. Naona kabisa haki haijakaa sawa. Anayekaa jela ni yule kijana aliyebeba mzigo, aliyepewa elfu ishirini na kuambiwa peleka pale. Mwenye pikipiki hajulikani, mwenye friza hajulikani, na wale wanaoagiza kwenye bar wanakula huku wanaangalia mpira.

Mbona mzungu anaruhusiwa kuua simba na kupiga picha, mimi nikiua swala nafungwa?

Hili ndo swali namba moja, na linaulizwaga kwa hasira. Jibu fupi ni kwamba yeye kalipia na wewe hujalipia, lakini najua hilo jibu halishibishi, kwahiyo ngoja nilifungue.

Pori la uwindaji wa kitalii limegawanywa vitalu. Kampuni inachukua kitalu, tangu 2019 wanashindana kwa mnada wa mtandaoni, inalipia kitalu, mteja analipia kila mnyama anayempiga na siku anazokaa, na ukitaka simba sio wa siku mbili, ni safari ya wiki tatu. Kuna masharti pia. Simba anayetakiwa ni dume wa miaka 6 kwenda juu, ambaye kashapata nafasi ya kulea watoto wake, maana ukimuua dume kijana mwenye familia dume mgeni anakuja anaua vitoto vyote, kwahiyo risasi moja inaondoka na simba watano. Wanaojua wanaangalia pua, kijana pua yake ya pinki na mzee imejaa weusi. Tembo lazima jino lake lifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Na kwenye ada za wanyama waliopigwa asilimia 25 inatakiwa irudi halmashauri ya wilaya.

Sasa inatakiwa irudi na inarudi ni vitu viwili. Kijiji chetu tulijenga vyumba viwili vya darasa kwa hela za wanyama, hilo niliona kwa macho, na kuna miaka mingine mkutano mkuu uliitishwa, tukasomewa mapato, tukauliza iko wapi, kikao kikafungwa kwa sala. Kwahiyo ukisema wananchi hawafaidiki mimi sibishi sana, nasema inategemea mwaka na inategemea nani kashika kitabu cha risiti.

Binafsi picha ya mtu kakaa juu ya simba anacheka inanikera, bora hata asingecheka. Lakini nikuulize wewe: kitalu kikikosa mtu, na vingi vimekosa, hasa baada ya Marekani mwaka 2014 kuzuia nyara za tembo wetu kuingia kwao, unadhani kinabaki kimekaa kinasubiri watalii wa kamera? Pori la Rungwa lina ndorobo, yaani mbung'o, ukiingia na shati jeusi au la bluu utajuta, halina barabara, mto wenyewe wa msimu. Mtalii wa kamera haendi huko. Anayeenda ni mchoma mkaa, na nyuma ya mchoma mkaa ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe jembe. Mwindaji akiondoka simba hapumziki.

Ndorobo kwanza wangepewa nishani, wamelinda pori kuliko askari wote niliofanya nao kazi.

Kwahiyo tatizo kubwa ni majangili au ni nini?

Majangili ni tatizo, na kuna miaka lilikuwa tatizo la kutisha. Tembo wa Tanzania nzima walikuwa kama 109,000 mwaka 2009 na 2014 wakahesabiwa kama 43,000. Kwa upande wetu wa Ruaha na Rungwa walitoka zaidi ya 30,000 wakawa kama 20,000 mwaka 2013, na 2014 hesabu ikaleta elfu 8 na kitu, watu wakashtuka, wakarudia kuhesabu mwaka uliofuata ikaja kama 15,800. Chukua namba yoyote unayoitaka hapo, bado ni msiba. Faru ndo kabisa, Ruaha walikuwepo na hawapo.

Ila tembo ukimwachia sehemu ya kuishi anazaa. Anachukua muda, mimba yake miezi 22, lakini anazaa. Mahali pa kuishi pakishaondoka hata ukiweka askari kila mti haisaidii, analinda nini? Watu wanapenda kuongelea bunduki kwasababu bunduki inasikika. Mto ukikauka hausikiki.

Mto upi?

Ruaha Mkuu, nenda kauone mwezi wa kumi. Ule mto zamani ulikuwa hausimami mwaka mzima, jina lenyewe limetokana na Kihehe luhava, maana yake mto tu, kama vile hakuna mwingine. Kuanzia 1993 ukaanza kukata maji kiangazi, na ikawa karibu kila mwaka.

Nilisimama pale katikati, mahali ambapo masika usingethubutu hata kuingiza mguu, chini mchanga mkavu unaunguza mpaka kwenye soli ya buti. Tembo mama alikuwa anachimba. Anapiga mchanga na mguu wa mbele, anaingiza mkonga kwenye shimo, anautoa anarusha pembeni, anarudia, ilichukua kama nusu saa mpaka maji yakaanza kujikusanya chini, yale ya rangi ya chai ya maziwa. Akanywa, akanywesha mtoto, wakaondoka. Hawajafika mbali nyani na kanga wakajaa kwenye lile shimo, na swala pala wawili wamesimama nyuma wanasubiri zamu kama watu kwenye bomba la mtaa. Mita mia tatu kutoka hapo kulikuwa na dimbwi moja lenye viboko wamebanana mgongo kwa mgongo, matope mpaka masikioni, mmoja amekufa na wenzake hawana pa kumpisha.

Hakuna aliyepiga risasi pale.

Na maji yanaenda wapi, ni mpunga wa Mbarali?

Mpunga upo kwenye hesabu, na tusijifanye, wote tunaula, ukija mgeni Iringa unamtafutia mchele wa Mbeya. Maji yanashuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, yanaingia bonde la Usangu, yanapumzika kwenye ardhioevu ya Ihefu, afu yanatokea N'giriama ndo yanaingia Ruaha. Ihefu ni kama sponji, masika inanyonya na kiangazi inaachia taratibu. Ukichepusha maji juu kwenye mifereji, tena kiangazi wakati mpunga haupo shambani lakini mfereji umeachwa wazi unamwaga tu njiani, na huku chini sponji unaikanyagisha ng'ombe wengi, basi maji hayafiki usawa wa kuvuka pale N'giriama na mto unakata. Na sio tembo peke yake anayekosa, maji hayohayo ndo yanaenda Mtera na Kidatu kufua umeme, megawati 80 na megawati 204. Umeme ukikatika tunailaumu TANESCO, hakuna anayeulizia mfereji.

Serikali ilijaribu njia ya nguvu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, 2008 Usangu ikaunganishwa na Ruaha, hifadhi ikafika zaidi ya kilomita za mraba 20,000, ikawa kubwa kuliko zote nchini mpaka ilipokuja Nyerere 2019. Sawa, lakini watu waliotolewa hawakuyeyuka, walienda kusini na magharibi na ng'ombe wao, wakakata miti kwingine. Na ugomvi wa mpaka haukuisha, 2023 mipaka ikabadilishwa tena kwa tangazo la serikali, na mradi mkubwa wa utalii wa kusini uliokuwa na hela ya Benki ya Dunia ulisimamishiwa malipo April 2024 baada ya malalamiko ya wananchi kuhusu kuhamishwa na kupigwa, mwezi wa 11 mwaka huohuo ukafutwa kabisa. Nani alikosea wapi ni stori ndefu. Ninachojua kwa kukaa nao ni kwamba jirani aliyepigwa hakuletei taarifa ya jangili. Anamuona anapita, anamsalimia, anaendelea kupalilia.

Mtego wa waya una shida gani, si ni njia ya asili ya babu zetu?

Babu zetu walitega kwa kamba za magome na katani, kamba ikikaa mvua mbili inaoza mnyama anapita. Waya hauozi. Unamngoja mnyama miaka, mwenye mtego kashahamia Makambako kuuza viazi na waya bado upo kazini.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa tisa, tulikuwa doria watu wanne, tukapata harufu kabla hatujaona kitu. Tandala mkubwa, dume, pembe zimejisokota mara mbili na nusu, zile za kutundikwa ukutani. Kashikwa shingo. Mti aliofungiwa ulikuwa wa unene wa mkono tu, umechubuka magome pande zote usawa wa kiuno changu, na chini ardhi imelimwa, duara kamili, kama mtu kapita na jembe akifuata kamba. Amezunguka hapo siku kadhaa. Hakuna aliyerudi kumchukua, kaoza mzima. Nilipokata ule waya nikaugeuza mkononi nikaona kale kachuma ka mwishoni kale, ka kuchomeka kwenye mkono wa usukani. Waya wa klachi.

Sasa ndo maana miaka hii dukani alikuja jamaa mmoja anataka waya za klachi kumi na nane. Nikamuuliza, kaka una pikipiki ngapi? Akacheka, akasema ni za kuuza kijijini. Nikamwambia zimeisha, na zilikuwa zinaning'inia nyuma yangu anaziona. Akaenda duka la pili, na najua alizipata, siwezi kujisifia.

Waya hauchagui. Unatega pongo unapata simba jike, au mbwa mwitu, ambao Ruaha ni moja ya sehemu chache Afrika walipobaki wengi, au unapata mkonga wa mtoto wa tembo.

Tembo wamekula mahindi yangu yote, fidia napataje?

Kwanza pole. Pili, sio fidia, na ukiandika fidia kwenye barua watakurekebisha. Inaitwa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufa. Kwa kanuni za 2011 mtu akiuawa familia ilikuwa inapata milioni moja, na shamba ilikuwa kati ya elfu 25 na laki moja kwa ekari kutegemea uko mbali kiasi gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5, na ukiwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani hupati. Viwango vinapitiwaga upya kwahiyo muulize afisa wanyamapori wa wilaya vya sasa. Utaratibu: mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, usilale nalo, piga picha nyayo na mahindi yaliyolala, afisa aje apime, fomu ipande. Afu usubiri. Unasubiri kweli, mama mmoja jirani yetu alilipwa wakati mtoto aliyekuwa mgongoni usiku ule tembo walipokuja ameshaanza darasa la kwanza.

Kwahiyo bora kuzuia. Madebe na kelele zinafanya kazi wiki ya kwanza, wiki ya tatu tembo anakula huku anakusikiliza. Pilipili inasaidia, ile kali ya kichaa, unasaga unachanganya na oili chafu unachovya vitambaa unaning'iniza kwenye kamba kuzunguka shamba, mvua ikinyesha unarudia. Unaweza pia kuchanganya na kinyesi cha tembo mwenyewe ukatengeneza tofali likikauka unaliwasha upande upepo unapotoka. Na nzuri kuliko zote ni mizinga ya nyuki kwenye waya, tembo akigusa waya mizinga inacheza, na tembo pamoja na ukubwa wote ule nyuki anamuogopa, anamuingia kwenye mkonga na macho. Na asali unavuna. Ila mizinga iwe na nyuki kweli, kuna watu wanatundika maboksi matupu wanategemea tembo hajui.

Na usilime kwenye mapito yao, zile shoroba. Njia ya tembo bibi yake alimfundisha mama yake, wewe umeuziwa lile shamba juzi na dalali.

Simba kaua ng'ombe watatu, nikipaka sumu kwenye mzoga kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa na naomba usifanye. Zile dawa za wadudu wa shambani ukimwaga kwenye mzoga anakuja simba, ndio, lakini kabla yake wanashuka tumbusi, kumi, ishirini, hamsini, wote wanalala palepale, afu fisi, afu mbweha, afu mbwa wako mwenyewe, afu mvua inapeleka kwenye kisima. Tumbusi wakiisha mizoga inakaa, kimeta inasambaa, na ng'ombe wanaokufa kwa kimeta ni wako.

Na chunguza kwanza, mara nyingi anayeuaga ni fisi ila simba ndo anabeba kesi. Boma la miiba fisi anatoboa usiku huohuo, boma la waya imara hapiti. Jirani na Ruaha kuna mradi wa wanyama walao nyama ulioanza 2009 ambao ulisaidia watu kujenga hayo maboma, na wakaja na kitu kimoja nilikipenda sana: kila kijiji kinafunga kamera zake porini, picha ya swala ina pointi zake, fisi pointi zaidi, simba na mbwa mwitu nyingi kabisa, na kijiji chenye pointi nyingi kinapata mgao mkubwa wa vifaa vya shule, zahanati na dawa za mifugo. Nimesikia watu kwenye kilabu cha ulanzi wanagombana kwamba vijiji vya jirani wamewaibia simba. Watu walewale waliokuwa wanawarushia mikuki.

Sisi wa Rungwe hatuna tembo wala simba, haya yanatuhusu nini?

Mna mnyama ambaye dunia nzima hawana! Kipunji. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wanahoji wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka mlima Rungwe, wanaorodhesha wanyama wanaowajua, na wawindaji wakawa wanamtaja nyani mmoja mwenye aibu anaishi juu kabisa, anaitwa kipunji. Watafiti wakadhani ni stori tu. Wakapanda, wakamkuta. Dunia ikatangaziwa 2005, na mwaka huohuo mkulima mmoja aliweka mtego kwenye mahindi yake mlimani akampata mmoja amekufa, ndo akawa mwili wa kwanza kupimwa vizuri, na 2006 wakakuta sio tu aina mpya bali jenasi, yaani kundi la juu ya aina, mpya kabisa, kitu ambacho hakikutokea kwa nyani wa Afrika kwa miaka 83. Walipohesabu walikuta kama 1,100 tu, Rungwe, Livingstone na kule Ndundulu upande wa Udzungwa. Kwahiyo aliyemjua wa kwanza ni mwindaji. Nikiwaambia hivi maafisa wengine wanakunja uso.

Adui wa kipunji sio bunduki sana, ni msumeno na shamba la viazi linalopanda mlima kila mwaka hatua tano. Anakaa juu ya miti, msitu ukikatwa katikati hawezi kushuka akatembea kama mbuzi kwenda upande wa pili. Na minde naye, yule mnyama mweusi wa msituni kama mbuzi mnene, anapatikana milima ya Tanzania peke yake, anaisha kwa mbwa na mitego.

Kuchimba chikanda nako mnaita ujangili?

Ndani ya Kitulo, ndio. Ile ni mizizi ya okidi, na ile hifadhi ilianzishwa 2005 kwa ajili ya maua hasa, ndo maana wanaiita Bustani ya Mungu. Mamilioni ya hivyo viazi yalikuwa yanavuka mpaka kwenda Zambia kila mwaka, na ukichimba kiazi ua halirudi.

Nataka kula nyamapori halali, inapatikana?

Inapatikana, 2020 zilitoka kanuni za kuuza nyamapori kwenye mabucha yenye kibali. Kama mjini kwako hakuna bucha lenye kibali basi hakuna nyamapori halali, kula mbuzi. Ile inayokuja saa tano usiku kwenye mfuko wa salfeti wameikausha kwa moshi hujui imekufa kwa waya, kwa sumu au kwa ugonjwa, na aliyekuuzia namba yake kesho haipatikani.

Babu kaacha gobore, tunalo tu ndani, kuna shida?

Shida ipo, hata kama halijapiga risasi tangu enzi za Mkwawa. Silaha bila leseni ni kosa kwa sheria ya 2015, na wakija kupekua kwa kesi ya jirani likakutwa uvunguni hakuna wa kukuamini kwamba ni urithi. Polisi hutangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, kikitangazwa lipeleke, nenda na mwenyekiti wa mtaa au kijiji kama shahidi. La mjomba wangu tulilipeleka hivyohivyo, limefungwa kwenye kanga ya shangazi, na askari wa zamu akatuuliza kama bado linafanya kazi. Mjomba, miaka themanini na kitu, akamwambia nipe baruti nikuonyeshe.